Mto Red wa Kaskazini

Mto Red wa Kaskazini ni mto wa Amerika Kaskazini unaopita katika nchi mbili za Marekani na Kanada. Unaanzia kwenye mpaka wa majimbo ya Minnesota na Dakota ya Kaskazini, unaelekea kaskazini hadi jimbo la Manitoba nchini Kanada na kuishia katika Ziwa Winnipeg. Urefu wake ni takriban km 885. Kati ya hizo, km 635 hivi ziko upande wa Marekani na km 250 hivi upande wa Kanada. Beseni lake, pamoja na lile la tawimto lake kubwa Assiniboine, lina eneo la km² 287,000 hivi.

Bonde la mto huu ni miongoni mwa nchi tambarare kabisa duniani. Kwa sababu ya utambarare huo, na kwa sababu mto unatiririka kuelekea upande wenye baridi zaidi, mafuriko ya majira ya kuchipua yamekuwa sehemu ya maisha ya wakazi wake tangu kumbukumbu za kwanza. Miji ya Fargo, Grand Forks na Winnipeg imejengwa kando yake, na yote mitatu imelazimika kujikinga kwa matuta na mifereji mikubwa.

Mto huu usichanganywe na Mto Red wa kusini, unaopita Texas, Oklahoma, Arkansas na Louisiana, wala na Mto Red wa China na Vietnam. Maneno "wa Kaskazini" hutumiwa hasa nchini Marekani ili kuutofautisha na ule wa kusini. Nchini Kanada huitwa Mto Red tu.

Jina

Jina la mto lina maana ya "mto mwekundu". Wafanyabiashara wa manyoya waliosema Kifaransa waliuita Rivière Rouge, na Waingereza wakatafsiri jina hilo. Waojibwe, ambao ni wenyeji wa eneo hili, walikuwa na jina lenye maana ya "maji mekundu" kwa Ziwa Red la Minnesota, ambalo maji yake hufika mtoni kwa njia ya tawimto la Red Lake. Hali halisi ya maji si nyekundu bali ni ya kahawia, kutokana na udongo wa mfinyanzi unaochukuliwa na mkondo. Hata jina la Winnipeg latokana na maneno ya Kikrii yenye maana ya "maji ya matope".

Mkondo

Mto Red unaanza pale mito miwili ya Bois de Sioux na Otter Tail inapokutana, kati ya mji wa Wahpeton (Dakota ya Kaskazini) na mji wa Breckenridge (Minnesota). Kimo cha mahali hapo ni m 287 hivi juu ya usawa wa bahari. Otter Tail hutoka kwenye eneo la maziwa mengi upande wa mashariki, na ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya maji. Bois de Sioux hutoka kusini, katika Ziwa Traverse.

Kutoka hapo mto unaelekea kaskazini ukiwa mpaka kati ya majimbo mawili. Unapita kati ya miji pacha ya Fargo na Moorhead, halafu kati ya Grand Forks na East Grand Forks, ambapo unapokea tawimto la Red Lake. Karibu na mji mdogo wa Pembina unafika mahali pa chini kabisa katika Dakota ya Kaskazini, penye kimo cha m 229 hivi. Baada ya hapo unavuka mpaka wa kimataifa kwenye latitudo ya 49 na kuingia Kanada karibu na Emerson.

Ndani ya Manitoba mto unapita Morris, Ste. Agathe na St. Norbert, kisha unafika Winnipeg, mji mkuu wa jimbo hilo. Katikati ya Winnipeg unapokea mto Assiniboine unaotoka magharibi. Mahali pa makutano hayo huitwa The Forks. Kaskazini kwa mji, mto unapita juu ya tabaka la mwamba wa chokaa na kuunda maporomoko madogo ya St. Andrews karibu na Lockport. Baada ya mji wa Selkirk unagawanyika katika mikono kadhaa na kupita kwenye kinamasi kikubwa cha Netley-Libau, kabla ya kuingia sehemu ya kusini ya Ziwa Winnipeg penye kimo cha m 217 hivi. Kutoka ziwani maji yanaendelea kwa mto Nelson hadi Hori ya Hudson.

Kwa urefu wote huo mto unateremka m 70 tu, yaani chini ya sentimita 8 kwa kila kilomita moja. Kwa mteremko mdogo namna hiyo, maji hayana nguvu ya kujichimbia njia iliyonyooka, hivyo mkondo unapinda kulia na kushoto bila kukoma. Umbali wa moja kwa moja kutoka Wahpeton hadi Ziwa Winnipeg ni nusu tu hivi ya urefu wa mto wenyewe. Penye mipindo iliyokatwa na mto yamebaki maziwa madogo yenye umbo la upinde.

Matawimto

Kutoka magharibi matawimto makubwa ni Wild Rice ya Dakota ya Kaskazini, Sheyenne, Goose, Turtle, Forest, Park na Pembina. Sheyenne ni mrefu kuliko Mto Red wenyewe. Huanza katikati ya Dakota ya Kaskazini, huzunguka kwa mamia ya kilomita na kuingia mtoni kaskazini kwa Fargo. Kutoka mashariki huja Buffalo, Wild Rice ya Minnesota, Sand Hill, Red Lake na Roseau.

Tawimto kubwa kuliko yote ni Assiniboine, lenye urefu wa km 1,070 hivi. Pamoja na mito ya Qu'Appelle na Souris inayoingia ndani yake, hukusanya maji ya eneo kubwa la prairi katika Saskatchewan, Manitoba na Dakota ya Kaskazini. Eneo lake ni zaidi ya nusu ya beseni lote, lakini sehemu kubwa ya nchi hiyo ni kavu na mashimo yake mengi hayana njia ya kutolea maji. Kwa hiyo mchango wake wa maji ni mdogo kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Jiolojia na asili ya bonde

Kile kinachoitwa bonde la Mto Red kwa kweli si bonde lililochimbwa na mto, bali ni sakafu ya ziwa lililokauka. Mwishoni mwa enzi ya barafu ya mwisho, barafuto kubwa iliyofunika Kanada ilianza kurudi nyuma kuelekea kaskazini. Kwa kuwa nchi hapa inateremka kuelekea kaskazini, ukuta wa barafu uliziba njia ya maji, na maji yaliyoyeyuka yakajikusanya mbele yake. Hivyo likatokea Ziwa Agassiz, lililodumu kwa kipindi cha miaka takriban 13,000 hadi 8,000 iliyopita. Mipaka yake ilibadilika mara nyingi, lakini kwa jumla lilienea juu ya eneo kubwa kuliko Maziwa Makubwa yote ya Amerika ya leo yakijumlishwa.

Mwanzoni maji ya ziwa yalitoka kwa upande wa kusini, kupitia pengo la Traverse. Mto mkubwa uliopita hapo, unaoitwa na wanajiolojia Mto Warren, ulichimba bonde ambamo leo unapita mto mdogo wa Minnesota. Barafu ilipozidi kurudi nyuma, njia nyingine zilifunguka upande wa mashariki na kaskazini, ziwa likapungua, na Mto Red ukazaliwa juu ya sakafu iliyobaki. Pengo la Traverse, penye mji mdogo wa Browns Valley, sasa ni sehemu ya mstari unaotenganisha maji ya bara: upande mmoja Ziwa Traverse hutiririka kuelekea Hori ya Hudson, na upande wa pili, kilomita chache tu kusini, Ziwa Big Stone hutiririka kuelekea Ghuba ya Meksiko.

Mtaalamu wa kwanza kuandika kwamba bonde hili lilikuwa sakafu ya ziwa alikuwa William Keating, aliyepita hapa mwaka 1823 pamoja na msafara wa Stephen Long. Mwaka 1879 Warren Upham alilipa ziwa hilo jina la Louis Agassiz, mwanasayansi mzaliwa wa Uswisi aliyeeneza nadharia ya enzi ya barafu, na baadaye alichora ramani ya fuo zake za kale. Fuo hizo bado zinaonekana kama vilima virefu vya mchanga na kokoto kwenye kingo za bonde. Mahali ambapo mto Sheyenne uliingia katika ziwa umebaki uwanda wa mchanga, ambao leo ni eneo la hifadhi ya nyasi.

Katikati ya sakafu ya ziwa ulitua udongo mlaini wa mfinyanzi, wenye unene wa makumi ya mita mahali pengi. Udongo huu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na hauna nguvu ya kubeba uzito mkubwa. Mwaka 1913 ghala kubwa la nafaka huko Transcona, karibu na Winnipeg, lilizama upande mmoja mara tu lilipokuwa likijazwa ngano kwa mara ya kwanza, likainama kwa nyuzi 27 hivi bila kuvunjika. Lilinyoshwa tena kwa kuchimba chini yake na kulijengea nguzo hadi kwenye mwamba. Tukio hilo bado hufundishwa kwa wanafunzi wa uhandisi wa udongo. Kwa sababu hiyohiyo kingo za mto huporomoka mara kwa mara, na nyumba zilizojengwa karibu mno na maji hupata nyufa.

Badiliko moja linaendelea polepole hadi leo. Uzito wa barafuto ulikuwa umeikandamiza ardhi, zaidi upande wa kaskazini ambapo barafu ilikuwa nene. Tangu barafu iondoke ardhi inainuka tena, na kaskazini inainuka kwa kasi kuliko kusini. Matokeo yake mteremko wa mto, ambao ni mdogo tayari, unazidi kupungua kadiri karne zinavyopita.

Tabianchi

Beseni liko katikati ya bara, mbali na bahari zote, kwa hiyo tofauti kati ya majira ni kubwa. Mjini Winnipeg wastani wa halijoto ni sentigredi -16 hivi mwezi wa Januari na karibu 20 mwezi wa Julai. Mvua na theluji kwa pamoja ni takriban mm 500 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kama mvua ya kiangazi. Upande wa magharibi wa beseni ni mkavu zaidi.

Mto huganda kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi au Aprili. Theluji ya miezi mitano hubaki juu ya ardhi na kuyeyuka kwa muda wa wiki chache. Ndiyo maana kiasi cha maji hutofautiana sana. Wastani mdomoni ni m³ 240 hivi kwa sekunde, lakini wakati wa mafuriko makubwa zimepita maelfu ya m³ kwa sekunde, na wakati wa ukame wa miaka ya 1930 zilikuwepo siku ambazo mto uliacha kabisa kutiririka huko Fargo.

Sababu za mafuriko

Mito mingi ya nchi za baridi inayotiririka kuelekea kaskazini ina tatizo moja: theluji ya kusini huyeyuka kwanza. Maji ya eneo la Wahpeton na Fargo huanza safari wakati mto wa Manitoba ungali umeganda. Yanapofika mbele hukuta barafu, ambayo huvunjika vipande na kuziba mkondo kama lambo. Wakati huohuo theluji ya huko mbele nayo huanza kuyeyuka, kwa hiyo maji ya kusini na ya kaskazini hukutana mahali pamoja.

Mambo mengine huongeza hatari:
- Mvua nyingi za vuli, ambazo huuacha udongo umelowa kabla ya kuganda.
- Baridi kali isiyo na theluji ya kutosha kuikinga ardhi, ambayo hufanya udongo ugande hadi chini na kushindwa kunywa maji.
- Majira ya kuchipua yanayochelewa, ambapo joto huja ghafla.
- Dhoruba ya theluji au mvua kubwa inayoanguka wakati kuyeyuka kumekwisha kuanza.
- Mifereji ya mashamba na kukaushwa kwa vinamasi. Wataalamu wanakubaliana kwamba hayo huharakisha maji katika mafuriko madogo, ila hawakubaliani juu ya uzito wake katika mafuriko makubwa sana.

Mto wenyewe umejichimbia mfereji wa kina kifupi tu katika sakafu ya ziwa la kale. Maji yakishavuka kingo hakuna mwinuko wa kuyazuia, nayo husambaa juu ya mashamba kwa kilomita nyingi na kukaa kwa wiki kadhaa. Kwa upande mwingine, maji huja polepole, na kwa kawaida watu hupata siku au wiki za kujiandaa. Katika bonde hili mafuriko huua watu wachache lakini huharibu mali nyingi.

Mafuriko makubwa katika historia

Mafuriko makubwa kuliko yote yaliyoandikwa yalitokea mwaka 1826. Kwenye makutano ya mito kulikuwa na koloni changa la wakulima. Mwanzoni mwa Mei barafu ilivunjika, ikazoa nyumba, na watu wakakimbilia sehemu za mwinuko pamoja na mifugo yao. Wataalamu hukadiria kwamba siku ya kilele zilipita m³ 6,400 hivi kwa sekunde mahali ilipo Winnipeg leo. Baada ya janga hilo sehemu ya walowezi, wakiwemo Waswisi, walihama kabisa kuelekea Marekani. Mafuriko ya mwaka 1852 yalifuata kwa ukubwa.

Mwaka 1950 mto ulifurika tena, wakati Winnipeg imekwisha kuwa jiji kubwa. Matuta yalivunjika mwezi wa Mei, na watu takriban 100,000 walihamishwa. Kiasi cha maji hakikufikia nusu ya kile cha 1826, lakini nyumba elfu kadhaa ziliharibika. Hesabu hiyo ndiyo iliyoanzisha mjadala wa kuchimba mfereji wa kuuzunguka mji.

Mwaka 1997 baridi ndefu yenye dhoruba nyingi ilimalizika kwa dhoruba kubwa ya theluji mwanzoni mwa Aprili. Mjini Grand Forks wakazi walipandisha matuta kwa kutegemea utabiri kwamba maji yangefikia futi 49 (m 14.9). Yakafikia zaidi ya futi 54 (m 16.6). Karibu wakazi wote wa jiji lenye watu 50,000 hivi waliondolewa, na wale wa East Grand Forks pia. Tarehe 19 Aprili moto ulizuka katikati ya mji uliojaa maji. Magari ya zimamoto yalishindwa kufika, na majengo 11 yaliteketea. Baadaye watafiti wengi waliandika juu ya utabiri huo, hasa kwamba tarakimu moja iliyotangazwa bila kueleza kiasi cha wasiwasi ndani yake iliwafanya watu waamini kuwa wako salama.

Maji yaleyale yalipofika Manitoba yaligeuka ziwa ambalo watu waliliita "Bahari ya Shamu", jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya bahari nyekundu. Lilifunika zaidi ya km² 1,800, na upana wake mahali pengine ulikuwa makumi ya kilomita. Watu wapatao 28,000 waliondolewa. Kijiji cha Ste. Agathe, kilichokuwa hakina tuta la kukizunguka, kilizama baada ya maji kuingia kutoka upande wa magharibi, si kutoka mtoni. Ilipogunduliwa kwamba maji yangeweza kuizunguka Winnipeg kwa upande huohuo, tuta la dharura lenye urefu wa km 42 lilijengwa kwa siku chache, mchana na usiku.

Mwaka 2009 ilikuwa zamu ya Fargo. Tarehe 28 Machi mto ulifikia futi 40.84 (m 12.4), ilhali mafuriko huhesabiwa kuanza kwenye futi 18. Maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi, walijaza mifuko ya mchanga kwa mamilioni, na mji ukaokoka.

Kinga dhidi ya mafuriko

Kazi kubwa ya kwanza ni mfereji wa mafuriko wa Winnipeg. Ulichimbwa miaka 1962 hadi 1968 chini ya uongozi wa waziri mkuu wa jimbo, Duff Roblin. Wapinzani wake waliona ni gharama isiyo na maana na wakauita "handaki la Duff". Una urefu wa km 47 na unapita mashariki kwa jiji. Kwenye mlango wake karibu na St. Norbert kuna malango mawili ya chuma yanayolala chini ya mto. Yakiinuliwa, sehemu ya maji hugeuzwa kuingia mfereji, na hurudi mtoni karibu na Lockport. Mwaka 1997 mfereji uliiokoa Winnipeg, lakini ulikuwa umebakiwa na nafasi ndogo sana. Kuanzia mwaka 2005 ulipanuliwa hadi uweze kupitisha takriban m³ 4,000 kwa sekunde. Mfereji wa Portage na bwawa la Shellmouth hupunguza maji ya Assiniboine. Miji midogo ya kusini mwa Manitoba imezungushiwa matuta, na wakati wa mafuriko huonekana kama visiwa.

Grand Forks na East Grand Forks zilichagua njia nyingine kwa sehemu. Baada ya 1997 nyumba nyingi za kando ya mto zilinunuliwa na kubomolewa, matuta mapya yakajengwa mbali zaidi na maji, na nafasi iliyoachwa ikawa bustani ndefu ya umma.

Fargo na Moorhead zinajengewa mfereji wa km 48 upande wa magharibi, pamoja na boma refu lenye malango kusini kwa miji. Mpango huu ulichelewa kwa miaka kadhaa. Wakazi wa wilaya za kusini walikwenda mahakamani kwa kuwa mashamba yao yangeshikilia maji ili mji ubaki mkavu. Mwaka 2016 jimbo la Minnesota lilikataa kutoa kibali, kisha lilikubali mwaka 2018 baada ya ramani kubadilishwa.

Ubishi kama huo ulikuwepo pia Manitoba. Malango ya Winnipeg yakiinuliwa, maji yanaweza kupanda juu ya mlango wa mfereji, na mwaka 1997 baadhi ya wakazi wa huko walilalamika kwamba nyumba zao zilizama kwa ajili ya jiji. Mwaka 2004 bunge la jimbo lilipitisha sheria inayowapa haki ya fidia wale wanaopata hasara kwa maji yaliyopandishwa na malango. Katika nchi tambarare, karibu kila kinga ya mahali pamoja hupeleka maji mahali pengine, na swali la nani abebe maji hayo hurudi katika kila mpango.

Historia ya watu

Waassiniboine, Wakrii, Waojibwe na Wadakota waliishi, kuwinda na kufanya biashara katika bonde hili kabla ya kuja kwa Wazungu. The Forks ilikuwa mahali pa kukutana tangu maelfu ya miaka. Mwaka 1738 Wafaransa wa msafara wa La Vérendrye walijenga kituo kidogo hapo. Tangu mwaka 1670 mfalme wa Uingereza alikuwa ameyatoa maeneo yote yanayotiririka kuelekea Hori ya Hudson kwa Kampuni ya Hudson's Bay, bila kuwauliza wenyeji. Kwa hiyo sehemu ya kusini ya beseni ilihesabiwa kuwa mali ya Uingereza hadi mkataba wa mwaka 1818 ulipoweka mpaka kwenye latitudo ya 49.

Mwaka 1812 walowezi kutoka Uskoti na Eire walifika katika koloni la Lord Selkirk. Kando yao waliishi Wamétis, watu waliotokana na ndoa kati ya wanawake wenyeji na wafanyabiashara wa manyoya. Wamétis waliwinda nyati wa Amerika na kusafirisha bidhaa hadi St. Paul kwa mikokoteni ya mbao tupu isiyo na chuma, ambayo mlio wa magurudumu yake ulisikika kutoka mbali.

Umbo la mashamba lilifuata mto. Kila familia ilikuwa na kipande chembamba chenye mwisho mmoja majini na kuendelea nyuma kwa kilomita kadhaa, hivyo kila mmoja alipata maji, kuni, shamba na malisho. Mwaka 1869 wapimaji wa serikali ya Kanada walipoanza kugawa nchi kwa miraba bila kujali vipande hivyo, Wamétis waliwazuia. Upinzani huo, ulioongozwa na Louis Riel, ulisababisha kuundwa kwa jimbo la Manitoba mwaka 1870. Mipaka ya vipande vya zamani bado inaonekana katika barabara za Winnipeg.

Meli ya kwanza ya mvuke, Anson Northup, ilipita mtoni mwaka 1859. Hata garimoshi la kwanza la Manitoba lilifika mwaka 1877 likiwa limebebwa na jahazi juu ya mto huu. Baada ya reli kukamilika usafiri wa meli ulipungua. Mwaka 1910 bwawa lenye lango la kupandishia na kushushia meli lilifunguliwa Lockport, nalo lingali linatumika.

Katika miaka ya karibuni eneo la mpaka penye Emerson lilijulikana kwa sababu nyingine. Wakati wa baridi ya mwaka 2017 waomba hifadhi, wakiwemo wengi kutoka Somalia, Jibuti na Ghana, walivuka kwa miguu mashamba yenye theluji kutoka Marekani kwenda Kanada. Baadhi yao walikatwa vidole vilivyokufa kwa baridi.

Uchumi

Sakafu ya Ziwa Agassiz ina udongo mweusi wenye rutuba kubwa, na karibu prairi yote ya asili imelimwa. Mazao makuu ni ngano, soya, mahindi, kanola, viazi na alizeti. Upande wa Marekani bonde hili ni kati ya maeneo makuu ya kilimo cha viazisukari, na viwanda vya sukari viko katika miji kadhaa. Mafuriko yakichelewa kuondoka wakulima hupanda kwa kuchelewa, na kipindi kifupi cha kiangazi hakiwapi nafasi ya kufidia wiki zilizopotea.

Mazingira

Mto una samaki wengi, na kambare wakubwa wa Lockport na Selkirk huwavutia wavuvi kutoka mbali. Chini ya bwawa la Lockport hukusanyika mwari weupe wakati wa kiangazi.

Tatizo kubwa ni virutubisho. Mbolea ya mashamba, kinyesi cha mifugo na maji machafu ya miji huleta fosforasi na nitrojeni. Mto Red huingizia Ziwa Winnipeg sehemu ndogo tu ya maji yake, lakini ndio chanzo kikuu cha fosforasi ziwani. Fosforasi hiyo hulisha mwani unaofunika sehemu kubwa za ziwa wakati wa joto. Miaka ya mafuriko huleta fosforasi nyingi zaidi, kwa sababu maji yametanda juu ya mashamba. Aidha, kome wa milia, spishi vamizi kutoka Ulaya ya Mashariki, walionekana katika Ziwa Winnipeg mwaka 2013 na katika Mto Red mwaka 2015.

Kwa kuwa uchafu wa nchi moja hufika katika nchi nyingine, mambo ya mto husimamiwa pia kwa mkataba wa maji ya mpakani wa mwaka 1909 kati ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada. Tume ya pamoja iliyoundwa na mkataba huo huchunguza ubora wa maji na hutoa ushauri. Mfano wa ugumu wake ni Ziwa Devils katika Dakota ya Kaskazini, ambalo halina njia ya asili ya kutoa maji katika kimo chake cha kawaida, na tangu miaka ya 1990 lilipanda na kuzamisha mashamba na barabara. Mwaka 2005 jimbo lilikamilisha mfereji wa kupeleka maji yake katika mto Sheyenne, ingawa Manitoba ilipinga kwa kuhofia chumvi na viumbe vigeni. Maji hayo hufuata Sheyenne hadi Mto Red, na kwa njia hiyo huvuka mpaka na kuishia katika Ziwa Winnipeg.